Kipande cha Noeli

"Mimi mioyo ya kuku sibebi," Olírio alisema kwa mara ya tatu, na safari hii aliuchomeka mshikaki kwenye ndoo ya majivu, mioyo yote thelathini ikiwa juu yake. "Nimebeba picanha miaka ishirini na sita. Marehemu baba yako alinikabidhi kwa mkono wake. Leo wewe unanipa kazi ya wanafunzi?"

Jandir, bosi wetu, hakuinua hata macho. Alikuwa anapekua magunia ya mkaa, akitafuta lililolowa.

"Baba alikukabidhi wakati mkono wako ni mkono," alisema. "Sasa umekuwa mkia wa ng'ombe anayefukuza nzi. Jumapili ulimwangushia mke wa daktari kipande mapajani, na gauni lenyewe jeupe."

"Aliachia koleo mwenyewe."

"Na yule dereva aliyetoka Caxias? Na bibi harusi? Wote waliachia koleo? Toa mioyo yangu kwenye majivu, mzee. Ioshe."

Akaitoa. Akaenda kuiosha. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka pale nikikata nyanya za meza ya saladi, na sikukosa hata neno moja. Sitasema nilimwonea huruma, kwa sababu sikumwonea.

Kwenye nyumba ya nyama choma kama yetu kila chuma cha mshikaki kina cheo chake. Anayeanza kazi hupewa mioyo ya kuku na soseji, azunguke nayo meza hadi meza mpaka miguu ivimbe. Akishika adabu anapewa mapaja ya kuku. Baadaye mbavu. Na akiwa mtu hasa ndipo anapewa picanha, ile nyama ya juu ya tako la ng'ombe yenye koti lake la mafuta. Hiyo ndiyo inayowatoa watu majumbani. Hakuna anayeshuka milimani Jumapili na watoto sita kwa ajili ya soseji. Soseji anazo kwake.

Olírio Zanchet alikuja kwetu akiwa na miaka kumi na tisa, mtoto wa nane wa mkulima wa zabibu, na viatu vya kaka yake. Alilala chumba cha mkaa miaka miwili. Alipofika thelathini na mmoja mzee Fachinetto, baba yake Jandir, alimpa chuma cha picanha mbele ya wafanyakazi wote, na kuanzia siku hiyo akawa anatembea ukumbini kama farasi wa maonyesho. Suruali yake ya bombacha ilipigwa pasi na mama yake hadi mama alipofariki, kisha na dada yake. Mke hakuoa. Alikuwa akisema mke atamsikia ananuka nyama tu, na sisi tulikuwa tukisema yupo mwanamke gani atakayekubali kuwa wa pili baada ya picanha.

Lakini kukata alijua, sifa yake sitamnyima. Alikuwa akisimamisha ncha ya chuma kwenye kisahani mezani, mteja anashika ukingo wa nyama kwa koleo lake dogo, kisu kinashuka mara moja tu, na kipande kinalala chembamba, chekundu katikati, chumvi pembeni. Watu waliacha kuzungumza ili wamtazame. Na yeye alijua wanamtazama.

Ubaya wake ulikuwa kwamba yeye ndiye aliyeamua nani ale. Nyumba yenyewe inataka mteja ashibe mkate na soseji kabla picanha haijamfikia, maana amelipa mlangoni na atakula mpaka aseme basi. Hiyo ni biashara, siipingi. Olírio aliongeza ya kwake. Alitazama viatu. Familia ikiingia na viatu vya kanisani vilivyopakwa rangi juu ya nyufa, baba ameshika wanawe mabega kama anaingia benki, Olírio alikuwa akipita karibu nao kabisa, chuma kinadondosha mafuta, harufu inawapiga usoni, halafu anapitiliza. Baba akiinua mkono, anamwambia kwa upole, "Hii inarudi motoni, bwana. Haijaiva." Meza ya pili anasimama na kukata.

Kisha anaingia jikoni na kutuigizia ule mkono wa yule baba, jinsi ulivyopanda na jinsi ulivyoshuka bila kitu. Tulicheka. Nami nilicheka. Alikuwa na kipaji cha kuigiza, mshenzi yule.

Noeli anaosha vyombo. Alianza baada yangu kidogo, mjane, ana binti mmoja, Tainara. Binti alipotimiza miaka kumi na mitano, umri ambao kwetu msichana lazima afanyiwe sherehe, Noeli hakuwa na uwezo wa ukumbi wala bendi. Alichofanya ni kuvua aproni, kuvaa gauni la dada yake, na kuingia kwa mlango wa mbele siku ya Jumapili mchana. Alilipia watu watatu kama mteja yeyote. Akakaa meza ya karibu na dirisha, yeye, dada yake, na Tainara mwenye ua la plastiki kichwani.

"Leo utakula picanha mpaka uikimbie," nilimsikia akimwambia mtoto.

Olírio aliwapita mara tisa. Nilihesabu, maana nilikuwa najaza bakuli la viazi na nikaacha kujaza. Kila mara Noeli aliinua koleo lake. Mara ya tisa alisema, si kwa sauti kubwa, "Olírio, kipande kimoja tu cha mtoto."

Olírio akasimama. Ukumbi ulikuwa umejaa. "Noeli," akasema, "wewe si unaila kila siku kwenye sinki?"

Meza ya wafanyabiashara wa ng'ombe iliyokuwa nyuma yake ilicheka mpaka mmoja akapaliwa na bia. Tainara alikula mioyo ya kuku, ameinamisha kichwa, ua limeteleza hadi sikioni. Walimaliza, wakaenda zao. Jumatatu tulifunga. Jumanne Noeli alikuja kazini kama kawaida.

Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto tunakaa nyuma, kwenye mabenchi, tunazungusha kibuyu cha chimarrão. Mmoja anamimina maji ya moto, unavuta chai yako chungu kwa mrija mpaka ikorome, unarudisha, anapewa mwingine. Jumanne ile Noeli ndiye aliyekuwa anamimina. Alipofika kwa Olírio alishikilia kibuyu kidogo kabla ya kumpa.

"Kipande changu kiko wapi?" akauliza.

"Kimerudi motoni," akasema Olírio, na watu wakacheka.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi. Miaka kumi na moja. Kipande changu kiko wapi? Kimerudi motoni. Likawa kama salamu. Tainara aliolewa, akazaa, akahamia pwani, na swali likawa bado linaulizwa. Wafanyakazi wapya walidhani ni utani wa wapenzi wa zamani. Mimi nilikuwa namtazama Noeli usoni anapouliza, na sikuona utani wowote.

Mkono wa Olírio ulianza kutetemeka majira ya baridi yaliyopita. Mwanzoni aliuficha, akabana kiwiko mbavuni anapokata, kama mtu mwenye kichomi. Hospitali walimwambia ni mishipa na wakampa vidonge vilivyomfanya asinzie amesimama. Vipande vikawa vinene, kisha vikawa vinene upande mmoja, kisha vikaanza kuanguka. Kipande kikianguka kwenye kitambaa cha meza, mbebaji wa picanha ni sawa na padri aliyeangusha komunyo.

Basi akabeba mioyo. Aliyepewa chuma chake ni Cleomar, mwanamume wa miaka arobaini mwenye shingo ya fahali, ambaye Olírio mwenyewe alimfundisha kwa kumpiga vidole kwa mpini wa kisu. Cleomar hakusahau vidole vyake. Kila walipopishana ukumbini alimwambia, "Pisha nyama, mzee." Madereva wa malori nao, waliomjua ujana wao wote, walifurahi kupita kiasi.

"Olírio, umerudishwa darasa la kwanza?"

"Mama yake anajua?"

"Jiwekee moyo mmoja, labda wewe huna wa kwako."

Mioyo haihitaji kisu. Unaisukuma tu kutoka kwenye chuma, inadondoka kwenye sahani. Hata hiyo ilikuwa ikimkimbia na kubingirika mezani, na watoto waliishika na kuwarushia wenzao.

Alivumilia wiki tatu. Alhamisi ya wiki ya nne, ukumbi ukiwa bado mtupu na nyama ya kwanza imeshaiva, alikwenda akasimama mbele ya Jandir akiwa amevaa bombacha iliyonyooshwa.

"Nijaribu," akasema. "Meza moja. Vipande vitano. Visipoanguka nirudishie chuma changu."

"Na vikianguka?"

"Kimoja tu kikianguka, nabeba mioyo na hunisikii tena."

Jandir alitabasamu. Si mtu mbaya kuliko wengine, ila anapenda burudani, na siku ilikuwa ndefu. "Sawa. Lakini mteja nachagua mimi." Akageuka kuelekea jikoni. "Noeli! Kausha mikono, njoo ukae mezani."

Tulitoka wote. Cleomar aliegemea nguzo amekunja mikono. Noeli alikaa na aproni yake iliyolowa, kwenye meza ile ile ya dirishani. Sidhani Jandir alijua. Miaka ile alikuwa shuleni mjini. Noeli akachukua koleo. Vidole vyake vimekunjamana kwa maji kama zabibu kavu.

Olírio akaleta picanha. Ncha ya chuma iligonga kisahani tiki-tiki-tiki-tiki kabla haijatulia, na Cleomar akacheka puani. Kisu kikapanda, kinayumba.

Hapo nikaona Noeli alichofanya. Alibana ukingo wa nyama kwa koleo na kuuvuta kwake, taratibu lakini kwa nguvu, nyama ikakaza kama ngozi ya ngoma. Kisu kikapata njia. Mteja anayejua kushika anaweza kumbeba mkataji mgonjwa, na Noeli alikuwa ametazama mikono ya wakataji kwa miaka kumi na mitano kupitia kidirisha cha vyombo. Kipande cha kwanza kikalala sahanini. Kizuri.

Cha pili. Cha tatu. Olírio hakuwa amemtazama usoni, lakini alijua. Haiwezekani asijue, nyama ilikuwa inasimama imara kuliko mkono wake. Cha nne kilikuwa chembamba hadi Jandir akasema "Ahaa" na kuondoa kiwiko mezani. Hakuna aliyecheka tena. Mabega ya Olírio yakashuka, kidevu kikapanda, akavuta pumzi, na nikamwona tena yule farasi wa maonyesho. Kimebaki kimoja, chuma chake kirudi.

Na alikuwa na watazamaji. Hapo ndipo alipoharibikiwa.

"Kula vizuri, mama," akamwambia Noeli, akitutupia jicho sisi ili tusikie. "Leo angalau huiokoti sinkini."

Wawili watatu walicheka, kwa mazoea. Mimi hapana, si kwa wema, nilikuwa natazama koleo.

Noeli hakubadilika uso. Alibana ukingo wa nyama kama mwanzo, akavuta kama mwanzo. Kisu kikashuka, na ninaapa hakikuwa kimeshuka vizuri hivyo mwaka mzima. Kikafika chini. Kipande kikawa huru, kimeshikwa na koleo peke yake.

Koleo likafunguka.

Kipande kikaanguka juu ya kitambaa cheupe, upande wa mafuta chini, doa likatambaa taratibu kuelekea ukingoni. Olírio hakukitazama. Alimtazama Noeli.

"Ameachia," akasema.

"Wote wanaachia, mzee," Jandir akasema, akamnyang'anya chuma na kumkabidhi Cleomar.

"Ameachia makusudi. Muulizeni Ivone, alikuwa anaona."

Wote wakanigeukia. Nikasema nilikuwa naangalia nje, kuna lori lilikuwa linaingia.

Noeli aliviacha vile vinne kwenye sahani, hakuvigusa. Cleomar alivila amesimama. Noeli akakiokota kile cha kitambaani kwa vidole, akakitia mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu huku Olírio amesimama mbele yake mikono mitupu, mmoja ukicheza peke yake pembeni ya bombacha. Akameza. Akajifuta kwa aproni.

"Hicho kilikuwa cha Tainara," akasema. "Sikudai tena, Olírio."

Akakunja kitambaa chenye doa na kwenda nacho kwenye sinki. Mchana Olírio alizunguka na mioyo, na madereva walimuuliza yale yale.

Kesho yake asubuhi tulikaa kwenye mabenchi. Noeli alimimina maji, kibuyu kikazunguka, kikafika kwa Olírio. Yeye alikuwa ameshafungua mdomo kidogo, jibu lake liko tayari. Noeli hakushikilia kibuyu. Alimpa tu, kama anavyotupa sisi wengine, akageuka kumenya kitunguu. Olírio alisubiri kidogo. Kisha akanywa, nusu ikimwagikia kifuani, mpaka mrija ukakoroma, akarudisha.