Mumbere wa Moyo na Kambale wa Mapafu

Mwanangu, watu wa mtaa wetu wa Kimemi wakikutana nami barabarani wanavua kofia, nawe ukiona hivyo unadhani heshima hii nilizaliwa nayo. Keti kidogo. Kuna asubuhi moja ya ujana wangu ambayo hata leo, na mvi zote hizi, nikiikumbuka uso wangu unawaka kwa haya.

Ilikuwa wakati wa vita. Nilikuwa muuguzi, nimetoka shule juzi tu, nafanya kazi katika kituo kidogo cha afya hapa Butembo. Watu walifika kwa miguu kutoka upande wa Beni, na wengi wao hawakuwa na jeraha lolote. Ugonjwa wao ulikuwa hofu. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi hawaujui tena. Shuleni nilikuwa nimefundishwa dawa moja ya kutuliza mapigo ya moyo, propranolol. Nikampa mwalimu mmoja aliyeletwa kwetu kutoka Kasai, mtu mzima ambaye hofu ilimfanya ashindwe hata kushika chaki. Baada ya siku mbili alirudi kunishukuru mbele ya watu wote, akaniita docteur.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tangu siku hiyo kila aliyetaja moyo nilimpa kidonge kile, tena kwa madaha, ungeniona ungecheka.

Basi asubuhi hiyo akaingia mama mmoja wa makamo, Mama Kavira, mkulima kutoka mashamba ya ng'ambo ya Mavivi. Alikuwa amekimbia milio ya risasi pamoja na mdogo wake wa kike. Alikaa mbele yangu, akaanza kujieleza kwa Kinande, pole pole, kama mtu anayetaka kusimulia jambo tangu mwanzo wake.

Mwanangu, mimi ni Munande. Kinande nilikinyonya pamoja na maziwa. Lakini nilikuwa nimevaa blouse nyeupe, lile koti la wauguzi, na foleni yote ilikuwa inanitazama.

"Mama," nikamkatiza, "huku tunasemaka Kiswahili ao Français."

Akatafuta maneno machache ya Kiswahili aliyokuwa nayo. "Roho," akasema, maana huku kwetu moyo tunauita roho. "Roho inapiga sana."

"Voilà! Ndiyo hiyo!" nikasema.

Mdogo wake akanyanyuka kidogo. "Mais docteur, huyu dada yangu anakuwaka na..."

"Nimesikia," nikamwambia, nikainua mkono kama padri anayefunga misa. Nikampa mama vidonge viwili akavimeza palepale, kisha nikamketisha kwenye benchi la mbele ili watu waone jinsi dawa yangu inavyofanya kazi. Ndiyo, ili waone. Niliahidi moyoni kwamba siku nitakayoisimulia habari hii sitaficha kitu.

Haikupita muda mrefu nikasikia filimbi. Ilikuwa inatoka kifuani mwake. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka, midomo inabadilika rangi, na macho yake yalikuwa yananitafuta mimi, yule aliyemwamini. Mama Titulaire, ndivyo tulivyomwita mkuu wa kituo, muuguzi mzee aliyekwisha kuona mengi, akaja mbio.

"Huyu mama iko na pumu?"

"Ndiyo, tangu utoto," mdogo wake akajibu akilia. "Njo hiyo nilitaka kusema!"

Mama Titulaire akanigeukia. "Umemupatia dawa gani?"

"Bado, Mama. Sijamupatia kitu."

Nilisema uongo, mwanangu. Mdogo wake alinitazama. Alikuwa ameviona vidonge kwa macho yake, lakini akanyamaza. Nani angemkanusha mwenye blouse nyeupe?

Mama Titulaire akampulizia mgonjwa salbutamol, dawa ile ya kufungua kifua. Kifua hakikufunguka. Akapuliza tena. Hakuna. Akaitikisa pampu, akadhani imeisha, akaleta nyingine. Mama Kavira alikuwa ameanza kuinamisha kichwa kama mtu anayesinzia, na nilijua huo si usingizi. Nilisimama pale nikipima aibu yangu na uhai wake, na nakuambia kweli, kwa muda fulani aibu ilikuwa nzito zaidi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilikuwa naficha, na kifo kilikuwa kinamjia mtu mwingine.

Hatimaye nikasema. Lakini sikia nilivyosema. Nilisema kwa Kifaransa, na kwa sauti ya chini, ili mdogo wake asielewe: nimempa propranolol, mbili.

Mama Titulaire aliitupa pampu mezani, akafungua kabati jingine, akatoa sindano ya aminophylline, dawa inayofungua kifua kwa njia nyingine, na kuisukuma pole pole katika mshipa. Sisi wengine tulihesabu pumzi. Jua lilipofika utosini, ile filimbi ilikuwa imelegea, na Mama Kavira akaomba maji.

Alasiri Mama Titulaire aliniita katika bureau yake, akafunga mlango.

"Shuleni balikufundisha juu ya ba récepteur, masikio ya mwili ya kusikia ujumbe?"

"Ndiyo, Mama."

"Donc niambie. Za roho na za mapafu, iko moja?"

Jibu hilo nililiandika vizuri siku ya mtihani, nikapata alama, kisha nikaliacha kwenye karatasi.

"Sikia," akasema. "Weye uko Munande. Mu nyumba yenu, mutoto mwanaume wa kwanza ni nani? Mumbere. Wa pili? Kambale. Batoka tumbo moja, sura inafanana, mais kila mutu na kazi yake. Ba récepteur beta iko vile. Wa kwanza anaikalaka mingi mu roho. Mwili ukiogopa, akisikia habari ya woga, anapigisha roho mbio. Wa pili anaikalaka mingi mu mapafu. Anasikia habari ile ile moja, mais yeye anafungua njia ya pumuzi. Dawa yako inaziba masikio ya bote wawili. Ulitaka kunyamazisha Mumbere, ukaziba na Kambale. Na mutu wa pumu, Kambale njo anamushikilia! Miye niko napuliza, naita Kambale, Kambale, na masikio ulishaziba."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza.

"Kukosea, sisi bote tunakoseaka. Mais yule mama alikuletea ugonjwa wake mu Kinande, ukamukatalia. Na kosa lako, ukalificha mu Français. Umeniambia miye. Yeye haujamuambia. Kesho umuambie, mu luga ya mama yako."

Nikaitikia ndiyo.

Kesho yake sikumwambia. Wala keshokutwa. Siku ya tatu, akiwa amepata nguvu, alikuja kuniaga na kuku mkononi. Sijui alimpata wapi, mkimbizi yule asiye hata na sufuria. Alimweka mikononi mwangu, akainama mbele yangu, mtu mwenye umri wa mama yangu, akasema, "Wasingya," yaani asante kwa Kinande chetu. Alidhani mimi ndiye niliyemwokoa. Mdogo wake alisimama nyuma yake akitazama ukuta.

Nilimpokea kuku. Nyumbani mke wangu akampika, na firigisi, kama desturi ilivyo, nikapewa mimi mwenye nyumba. Nikaila.

Niliungama kwa padri, naye akaniondolea dhambi. Lakini padri hakuwa amemeza vidonge vyangu. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu alizidi kukua. Vita vilipotulia kidogo nilipanda gari hadi Beni, nikalala mtaa wa Bungulu, asubuhi nikafika Mavivi kumtafuta. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote kwa Kinande. Jirani alinionyesha shamba lililojaa majani na kuniambia kwamba Mama Kavira amefariki, ugonjwa tu wa kawaida.

"Na weye ni nani?" akaniuliza.

Nikamweleza kwamba mimi ni muuguzi wa Butembo.

"Ah! Njo weye! Kila rozari alikuwa anakuombeaka."

Mwanangu, maneno yale niliyoyabeba kwa Kinande bado ninayo, na hakuna tena wa kuyapokea. Ndiyo maana nakupa wewe.

Ukipewa kazi ya kugusa miili ya watu, jua kwamba ujumbe mmoja ukiingia mwilini hausikiwi sawa kila mahali. Kinachotuliza moyo kinaweza kufunga kifua. Kwa hiyo uliza kwanza, na mtu akianza kujieleza mwache amalize, hata kama foleni inanung'unika. Ukikosea, sema mapema, maana anayetibu hawezi kufungua mlango asioambiwa umefungwa. Na usiseme tu kwa wakubwa wako. Mwambie uliyemkosea, yeye mwenyewe, angali anaweza kukusikia, kabla hajakuletea kuku.

Nenda sasa. Mungu akupe masikio kabla ya kukupa sifa. Na siku utakapokosea, maana itakuja, aulegeze ulimi wako upesi, katika lugha ya yule uliyemuumiza.