Anemoni wa Nelly

Hapo Maganzo, kwenye machimbo ya almasi, dalali Makoye hakuwa mtu wa kudanganywa kwa jiwe. Dalali mwenzake akimletea kipande cha chupa na kukiita almasi, alikiinua kwenye mwanga, akakigeuza mara mbili vidoleni, akakirudisha. Lakini sebuleni kwake kulikuwa na kitu kilichomshinda, nacho kilikuwa hai.

Alikuwa anemoni, mnyama wa baharini anayefanana na ua, ndani ya tangi la maji ya chumvi. Alikuwa wa Nelly, binti yake wa pekee, aliyesomea viumbe vya bahari Dar es Salaam, akarudi na tangi lake, na mwezi Machi akafa kwa homa. Katika daftari lake aliandika "Aina:", mbele akaacha patupu.

Sasa anemoni alikuwa akinywea. Bernadina, aliyesoma na Nelly, alimwamkia Makoye kwenye simu, akaeleza kwamba aina mbili hufanana mno: wa vibofu, anayetaka mwamba, na wa ngozi, anayetaka mchanga. Asiangalie minyiri, ile mikono ya juu inayopepea, aangalie shina. La wa vibofu ni laini, la wa ngozi ni gumu lenye vinundu.

Shina lenyewe lilikuwa limezama mchangani. Na mtu wa mawe hajui kutazama bila kuinua. Makoye akakunja mkono wa shati, akashika, akavuta. Mguu wa mnyama uliong'ang'ania kokoto ukachanika. Akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha, mara mbili, akaviona vinundu. Alifurahi, maskini, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akamrudisha majini, akaandika kwenye daftari: wa ngozi.

Siku ya tatu maji yalinuka; anemoni alikuwa amekufa na kuyeyuka kuwa ute. Mkewe, Mbuke, aliuchota ule ute kwa kikombe, akaenda kuufukia nyuma ya nyumba. Hakumlaumu mumewe, na hilo lilimuuma Makoye zaidi.

Makoye alichukua daftari afute alichoandika. Hakuwahi kufunua karatasi inayofuata, maana mwandiko wa mwanawe ulimtoa machozi. Leo alifunua. Herufi zilikuwa zimepinda, za mtu anayeandika akiwa kitandani.

"Baba, usimng'oe ili umtazame. Nakujua wewe. Siku moja atapanda kiooni mwenyewe, na shina tutaliona tukiwa tumekaa."

Makoye akavuta kiti mbele ya tangi, akakaa.