Gari Inavuma Mbele

Fundi wa mtaa wa Mangobo amefungua gurudumu la mbele la pikapu yangu, na harufu ya grisi iliyoungua inanirudisha uani kwetu, nikiwa mtoto.

Siku ile mama alishuka garini na kapu la samaki wa Yanonge, akasema, "Gari inavuma huko mbele. Hausikie?"

Papa alimtazama usoni. Aliinua gurudumu kwa jeki, akalizungusha kwa mkono, akaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma, karibu na rulema inayobeba gurudumu. Mpini akauuma kwa meno. Alifumba macho. Kisha akahamia upande wa pili, akauma tena, taratibu, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi.

"Iko ya kushoto," akasema. "Rulema imekufa."

Mimi nilikuwa nyuma yake. "Papa, meno inasikia?"

Hakugeuka. Niliuliza tena, kwa kelele. Mama akaniambia polepole, "Umuguse kwanza."

Nikamgusa bega. Aligeuka, akaitazama midomo yangu, akatabasamu.

Mtu amenigusa bega. Nageuka. Midomo ya fundi inasema, "Tantine, niko nakuita tangu saa ile."