Vumbi la Kahawia Chini ya Jani

Diploma yangu ya kilimo cha bustani nilijisomesha mwenyewe, nikipakua magunia sokoni Same. Hakuna mtu aliyenisaidia, na hilo nalisema kila ninapopata nafasi. Niliporudi kijijini kwetu Mhezi, shamba lililobaki kwangu lilikuwa korongo lenye kivuli, ambako kahawa ilikataa na tangawizi ikaoza. Wenzangu walinihurumia. Mimi nikapanda kangaga, mmea wa majani ya mapambo.

Korongo lile kangaga zangu zililipenda tangu siku ya kwanza. Mmea huu unataka kivuli, ukungu, na udongo mweusi wa majani yaliyooza, wenye unyevu lakini usiotuamisha maji. Upeleke Same mjini, uuache uani kwenye jua na ule upepo mkavu, utakauka kama karatasi. Na hautoi ua hata moja.

Kaka yangu mkubwa, ambaye kahawa yake inapakana na korongo, alikuja asubuhi moja na panga na kiberiti ili ateketeze kangaga zangu.

"Shikamoo, kaka."

Alipindua jani moja, akanionyesha madoa ya kahawia. "Bwana diploma, hii ni kutu. Unataka iniulie kahawa?"

Kutu ya kahawa naijua tangu utoto: vumbi la rangi ya machungwa lililotapakaa ovyo, kisha majani yanapukutika. Madoa haya yalijipanga safu mbili, pande zote mbili za mshipa wa jani, kama vifungo vya koti.

"Huo ndio uzazi wake," nikamwambia. "Mmea huu hauna mbegu. Vumbi hili likiangukia mahali pabichi, linaota."

"Usio na ua unazaaje? Ndiyo mliyofundishwa huko?"

"Ndiyo. Na ukichoma, utachoma nikiwa nimesimama humu."

Nikakung'uta jani kiganjani, nikaruka mtaro wa mpakani, nikalipaka vumbi lile kwenye majani ya mkahawa wake wa kwanza, yeye akitazama. "Mti huu ukiugua, kiberiti nitakiwasha mwenyewe."

Tangu siku hiyo, kila Jumapili baada ya ibada, alipita na suti yake kupindua majani ya mkahawa ule. Sikujificha, nilisimama nikamwangalia.

Msimu wa mavuno alianza kuchuma na mti huohuo, matawi yameinama kwa uzito.

"Kaka, kutu iko wapi?" nikamuuliza kutoka korongoni.

Aliendelea kuchuma. Wiki hiyohiyo nilipanda kangaga nyingine mpakani kabisa, chini ya kivuli cha migomba yake, na hakuna aliyezing'oa.