Maneno Niliyoyafupisha

Mwaka wa pili baada ya familia yetu kurudi Gisenyi kutoka Goma, nilipata kazi ya ukalimani kwenye mradi mmoja wa afya. Wenye mradi walikuwa wageni waliojua Kifaransa tu. Watu wetu walizungumza Kinyarwanda, na wengi wa kando ya ziwa walikichanganya na Kiswahili cha Kongo. Mimi nilikaa katikati. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, na niliiona kazi hiyo rahisi: mwenzako anasema, nawe unasema.

Siku moja daktari wa mradi, mama mmoja mtaratibu aliyependa kuvaa viatu vya kiume, alituambia kwamba zimepatikana fedha za utafiti wa ugonjwa mmoja tu, na kwamba safari hii wananchi ndio watakaochagua ugonjwa gani. Mitaa na vijiji vikatoa watu sita. Walikutana Jumamosi asubuhi katika chumba cha darasa, wakabanana kwenye madawati ya watoto. Ubaoni daktari alikuwa ameshaandika majina matatu: malaria, kipindupindu na homa ya mapafu ya watoto.

Ilipofika zamu ya mama mmoja muuza sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa letu, alisimama akautazama ubao.

"Mi sioni ya kwangu pale," alisema.

Kisha akaeleza. Binti yake wa miaka tisa alikuwa na kifafa. Aliwahi kuangukia moto wa kukaushia samaki, vidole vya mkono wa kushoto vikashikana. Kila alipoanguka watu walikimbia, wakiliogopa povu la mdomo wake. Wateja wengine walikuwa wameacha kununua kwa mama yake.

"Mi naomba mutafute," alimaliza. "Hii ugonjwa inaambukiza ao haiambukize? Na kama haiambukize, mutu mukubwa aseme mbele ya watu yote."

Daktari akanigeukia. Nikasema kwa Kifaransa, "Anasema watoto wa mtaa wake wanaugua mara kwa mara. Anaomba watoto wakumbukwe."

Daktari akaitikia kwa kichwa, akaandika.

Sikuwa nimepanga kufanya hivyo. Lakini mdogo wangu wa kiume alikuwa na kifafa. Tukiwa Goma tulimficha chumba cha nyuma, na alipofariki tuliwaambia waliokuja msibani kwamba ni malaria. Nyumbani kwetu neno hilo halikutamkwa. Nilipolifikia pale darasani, mdomo wangu ulipita kando.

Wajumbe waliambiwa warudi Jumamosi inayofuata kupiga kura. Nilipokuwa nateremka kuelekea ziwani, muuza sambaza alinifikia kwa nyuma.

"Mutoto yangu, nikuulize. Mi nilisema murefu. We ukasema mufupi. Ile maneno ingine ilienda wapi?"

Nilimwambia kwamba Kifaransa kina maneno machache. Alinitazama bila hasira, na hilo liliniumiza zaidi.

"Bon," alisema. "Mi sikusoma. Lakini kupima najua." Akashika njia yake.

Jumatatu nilimfuata daktari ofisini kabla hajaketi, nikamweleza yote, pamoja na habari za mdogo wangu. Alienda kufunga mlango. Nilidhani kazi yangu imekwisha.

"Jumamosi utayasema upya," aliniambia. "Mbele yao, si mbele yangu tu."

Jumamosi nilisimama nikiwa nimeshika ukingo wa dawati. Niliwaambia wale sita kwamba kuna maneno niliyoyaacha, yalikuwa ya nani, na kwa nini. Nikamtaja mdogo wangu kwa jina. Kisha nikamgeukia daktari, nikayafasiri yote kwa Kifaransa, yakiwa marefu kama yalivyosemwa.

Daktari alijibu polepole kwamba kifafa hakiambukizi. Jambo hilo linajulikana tangu zamani, kwa hiyo hakuna haja ya kulitafiti. Nilimfasiria mama yule neno kwa neno.

"Inajulikana kwa nani?" akauliza.

Kisha mkulima mmoja wa kijiji cha Cyanzarwe, mjumbe mwenzake, alisema kwamba kwao kuna mwanamume wa miaka thelathini ambaye hajawahi kula sahani moja na ndugu zake. "Ni mutoto ya dada yangu," alisema. "Sahani yake iko peke yake. Mi ndiye nilimununulia."

Daktari alisimama, akaandika jina la nne ubaoni.

Walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Malaria ilishinda kwa mikono minne. Siku zile vidonge tulivyovizoea havikuwa na nguvu kama zamani, na kila mtaa ulikuwa umezika watoto. Mkono mmoja kati ya ile minne ulikuwa wa muuza sambaza. Tulipotoka nje nilimuuliza kwa nini.

"Malaria inaua hii wiki," alisema. "Ya kwangu itangoja kidogo."

Habari zangu zilifika nyumbani kabla yangu. Mama yangu hakuniongelesha siku mbili. Siku ya tatu, akichambua maharagwe, aliniuliza, "Uliwaambia kama mdogo wako alikuwa anajua kushona viatu?" Nikasema hapana. "Siku ingine uwaambie," akasema.

Daktari aliwaandikia wakubwa wake barua nyingi kuhusu kifafa. Baada ya miezi kadhaa zikaja fedha kidogo, za kutosha muuguzi mmoja na mimi kuzunguka vilimani tukiuliza nani anaanguka, anaishi vipi, na majirani wanaamini nini. Nyumba nyingi zilituambia kwanza kwamba hakuna. Nilipowasimulia habari za mdogo wangu, mara nyingi mtu aliinuka akaenda kufungua mlango wa nyuma. Huko Kanzenze tulikuta dada wawili katika chumba kimoja, mkubwa akiwa na nywele zilizoanza kuota mvi.

Tuliyoyakuta yalisomwa makanisani baada ya ibada, na sokoni pia, na muuguzi akatamka mbele ya watu wote kwamba kifafa hakiambukizi. Vidonge vya kifafa vikaanza kupatikana kwenye vituo vya afya vya karibu. Binti wa muuza sambaza hakupona kabisa, ila sasa ziliweza kupita wiki kadhaa bila kuanguka, na alianza shule akiwa na miaka kumi, mkubwa kuliko darasa zima. Wateja wengine wa mama yake walirudi. Wengine hawakurudi, naye hakuwaita.