Jiwe Ambapo Mtandao Unakoma

Saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi. Mwanamke mwenye helmeti iliyochubuka upande mmoja amesimama juu ya mlima, baiskeli kaiegemeza kiunoni, simu mkononi. Jasho linamtiririka usoni na wala hajifuti. Anaichunga simu kama mtu anayechunga maziwa jikoni.

Mbele yake kuna jiwe kubwa lililochafuliwa na ndege. Upande huu wa jiwe simu inashika mtandao. Upande wa pili njia inaporomoka katikati ya mizizi na mawe mpaka kijitoni, na huko simu haina kazi.

Waendesha baiskeli wenzake wanampita mmoja mmoja. "Breki, leo je?" anauliza mmoja.

"Tangulieni," anajibu. Wanatangulia. Vicheko vyao vinasikika kidogo huko chini, kisha kimya.

Breki ni jina la utani. Walimpa zamani kwa kumkejeli, maana alikuwa akishuka mlima bila kuzigusa breki kabisa. Siku hizi wanamwita hivyo kwa upole, na anasema bora wangeendelea kumkejeli.

Ana miaka thelathini na minne. Siku za juma ni mtaalamu wa kompyuta katika kampuni inayotunza mifumo ya hospitali: kuandikisha wagonjwa, kufungua mafaili, kupanga foleni. Ofisi yake ni chumba kisicho na dirisha, chenye baridi kali kwa ajili ya mitambo. Yeye huvaa sweta, nje watu wanajipepea.

"Watu wanadhani sisi tunakaa tu," anasema. "Kukaa nako kunachosha. Juma zima unatazama maandishi yanapanda kwenye kioo. Unatamani siku moja utazame mti."

Baiskeli ya milimani aliinunua baada ya kujibana mwaka mzima. Jirani yake alipotajiwa bei aliizunguka mara mbili, akauliza injini imewekwa wapi.

Kwa miaka kadhaa aliweza kuvibeba vyote viwili, kazi na mlima. Tatizo lilikuwa zamu. Kila mwisho wa juma mmoja wao hukaa na simu ya dharura. Mfumo ukipata hitilafu, kengele inalia kwenye simu yake, naye anabonyeza kukiri kwamba ameisikia. Asipobonyeza ndani ya dakika tano, kengele inahamia kwa anayemfuata. Utaratibu mzuri, hauna neno. Ila aliye zamu hawezi kuvuka jiwe.

Sasa sikiliza akili ya watu wa kompyuta. Wewe na mimi tungemwomba mwenzetu atushikie zamu. Breki aliandika programu. Kijiprogramu kidogo, akakiacha ofisini kwenye kompyuta yake, kazi yake ni moja tu: kengele ikilia, kijibu kwa niaba yake, "Nimesikia, nashughulikia."

"Kengele nyingi huzima zenyewe," anaeleza. "Unaamka, unabonyeza, unakuta hamna kitu. Nikasema, huu upuuzi si hata mashine inaweza kuufanya? Niliona nimepata dawa. Nilijiona mjanja, sikufichi."

Jumamosi moja, miaka miwili iliyopita, alivuka jiwe akashuka. Anakumbuka kila kona. Anakumbuka maji ya kijito yalivyomrukia magotini. "Asubuhi ile nilikuwa na raha," anasema.

Huku nyuma mfumo wa hospitali ulizima. Kengele ikalia, programu ikajibu: nimesikia, nashughulikia. Ikalia tena, ikajibiwa tena. Aliyekuwa anamfuata kwenye zamu alikuwa nyumbani anakunywa chai. Akaona majibu yale kwenye simu yake, akamwandikia mwenzake ujumbe mfupi: "Pole na kazi."

Katika chumba cha kusafishia damu, mafaili hayakufunguka. Muuguzi hakujua nani aunganishwe kwa vipimo gani, na kwa kubahatisha hakuthubutu. Wagonjwa wakakaa kwenye benchi wakisubiri. Mmoja wao alikuwa mama wa makamo, amevimba miguu, ambaye alikuwa amekosa kusafishwa damu mara iliyotangulia kwa sababu ya homa. Huyo ni shangazi yake Breki, ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki.

Breki alipopanda tena hadi kwenye jiwe, simu ilianza kutetemeka na haikuacha. "Niliona 'Pole na kazi'. Nikaona simu za binamu yangu, nyingi, zinafuatana. Nikajua kabla sijapokea."

Shangazi alikimbizwa chumba cha wagonjwa mahututi, maji yamejaa mapafuni. Alipona, kama kule ni kupona. Moyo uliathirika. Leo hapandi ngazi, na anapumzika kati ya kitanda na mlango.

Nilimkuta nyumbani kwake, amekaa karibu na dirisha lililo wazi, mito miwili mgongoni. Anajua yote, Breki mwenyewe alimwambia pale wodini akiwa amepiga magoti.

"Mimi siku ile nilidhani mashine imeharibika," anasema, akivuta pumzi kila baada ya maneno machache. "Kumbe ilikuwa nzima, mwanangu. Ilifundishwa kusema uongo." Anacheka, kicheko kinageuka kikohozi. "Mshika mawili moja humponyoka. Lakini sikutaka limponyoke lile analolipenda. Nashukuru siku hizi anashuka tena."

Niliyaandika maneno hayo kama alivyoyasema.

Kampuni haikumfukuza. "Wangenifukuza ningewashukuru," anasema Breki. Mfumo ule ni wa zamani, wenzake wa zamu walishahama, na anayeujua ni yeye peke yake. Adhabu yake ikawa simu ya dharura, kila mwisho wa juma, mpaka apatikane wa kupokezana naye. Ameshawafundisha vijana watatu. Wakiiva tu wanahamia kwenye mishahara minono. Aliwahi hata kumbembeleza fundi wa minara ya simu, aliyesoma naye, awapelekee mtandao nyuma ya mlima. Fundi akamuuliza, "Mnara tumjengee nani huko, nyani?"

Ndiyo maana kila Jumamosi anapanda mpaka hapa na kusimama. Tunaposubiri, simu inalia. Anashtuka mwili mzima, kisha analegea. Ni shangazi, kitandani hospitalini.

"Nimeshaunganishwa," sauti inasema. "Inazunguka vizuri. Haya, shuka sasa ukacheze."

"Sawa, shangazi."

Anakata. Hashuki. Anaingiza gurudumu la mbele tu upande wa pili wa jiwe, mkono wenye simu ameubakiza huku nyuma. Anakaa hivyo mpaka simu inalia tena. Shangazi alishaambiwa kwamba siku hizi hata kijitoni kuna mtandao.

"Umefika? Kijito kina maji?"

"Kina maji mengi, shangazi. Ya baridi kweli."

"Na wenzako?"

"Wapo. Wananicheka nimelowa."

Kwenye simu shangazi anacheka naye. Breki anaitia simu mfukoni, anaangalia pembeni. Ananiambia niandike tu, kwa sababu sukari ilishamaliza macho ya shangazi na hasomi tena magazeti.

Namuuliza anatumaini nini. Anachezea gia.

"Kushuka mara moja," anasema. "Nikirudi hapa, simu ishike mtandao, nisikilize, isilie. Na yeye awe bado yupo."

Kisha anaigeuza baiskeli, anashuka kwa njia aliyopandia, vidole vyote kwenye breki.