Bi Taratibu na Redio ya Mzee

Katika karakana ile wako mafundi tisa. Wanane hufungua dashibodi, na mmoja huibembeleza. Huyo mmoja ni mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na jina alilopewa na wazazi wake limeshasahaulika pale. Wanamwita Bi Taratibu, maana ndilo neno analoliambia kila kitu: bisibisi, mteja, hata gari lenyewe. Wenzake humtania kwamba ukimwachia gari, uage kabisa nyumbani. Yeye hucheka na kuendelea. Kwa miaka kumi na tisa hajavunja kibanio cha gari la mtu, na hilo watani wake wanalijua vizuri mno, kwa sababu wakivunja vya kwao humkimbilia yeye.

Asubuhi hiyo aliletewa gari la zamani, la kifahari enzi zake, ambalo redio na vitufe vya kiyoyozi vilikuwa katika kisanduku kimoja chenye kioo kidogo juu. Kioo kilikuwa cheusi tii, na hakuna kitufe kilichoitika. Aliyelileta alikuwa mwalimu, mwanamke wa makamo. Kwenye kiti cha abiria alikaa baba yake, mzee mtanashati mwenye kofia, aliyekuwa dereva maisha yake yote hadi macho yalipomzimikia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Taratibu na hiyo redio."

Mafundi wote wakaangua kicheko, na mzee asijue kwa nini.

Mwalimu alimvuta fundi pembeni. "Dada, karakana nilikotoka wameniambia niitupe hii, waniwekee ya kioo kikubwa cha kugusa. Sasa baba haoni. Lakini tukiwa njiani redio ni yake, upepo ni wake, mimi hata kugusa siruhusiwi. Ndiyo kazi pekee iliyombakia. Kioo kitupu atakipapasa wapi?"

Bi Taratibu alichukua spana akaenda kuchomoa waya wa betri, na waliomfahamu wakajua amekubali.

Alirudisha mkono wa gia nyuma apate nafasi, akaufunika kwa kitambaa usichubue kitu. Akachukua rula yake ya plastiki, akaichomeka ukingoni mwa fremu na kuisukuma kidogo kidogo, sikio limeelekea pale pale, mpaka kibanio cha kwanza kikaachia. Kisha cha pili. Skrubu nne alizibandika kwenye utepe kwa mpangilio ule ule zilivyotoka. Kisanduku alikivuta hadi urefu wa nyaya, akabonyeza ndimi za plagi, akakitoa chote kizima. Ndani alikuta miguu mitatu ya plagi imelegea kwa mitikisiko ya miaka. Aliilehemu upya, moja baada ya nyingine, akiwa amebana pumzi. Mimi nimeona watu wakishona nguo ya bibi harusi kwa uangalifu mdogo kuliko ule.

Kisha akafanya lile analomfanyia kila mteja bila kuombwa: alikiosha kisanduku usoni kwa mswaki na povu. Juu ya vitufe vitatu alikuta vidonge vya gundi vilivyokauka, vigumu, vibaya kuviangalia. Alivibandua kwa ukucha huku akimlaani moyoni huyo mchafu aliyemwaga gundi.

Alipokirudisha na kuunga betri, kioo kikawaka. Mafundi wakapiga makofi. Bi Taratibu, kichwa kimemvimba kidogo, akasema, "Karibu, mzee. Jaribu kazi yako."

Mzee alinyoosha mkono, kisha ukasita. Vidole vilitembea juu ya vitufe, vikarudi, vikatembea tena. Akabonyeza kimoja, redio ikapiga kelele gari zima. Akaurudisha mkono na kuuweka gotini.

"Nzuri," alisema. "Imekuwa laini sana."

Mwalimu alichungulia dirishani, akashika mdomo. "Dada, vile vidonge vya gundi! Aliviweka mwenyewe, macho yalipoanza kumpotea."

Bi Taratibu aliona aibu, aibu ile ya kutaka ardhi ikumeze. Fundi mmoja alimnong'oneza, "Si gari linafanya kazi? Waache waende." Bi Taratibu alimtazama kwa jicho ambalo fundi yule bado analisimulia.

"Mzee, ni mimi niliyekosea," alisema. "Nilidhani ni uchafu, nikabandua alama zako."

"Si kitu, binti. Nitazoea."

"Hutazoea. Utanionyesha zilipokuwa, nizirudishe."

Kwa kuwa gundi ingechuruzika kisanduku kikiwa kimesimama, alikitoa tena, vibanio vyote, skrubu zote nne, akakilaza mapajani mwa mzee. Akavua miwani na kufumba macho.

"Nifundishe," alisema.

Mzee akamshika kidole na kukitembeza. Hapa redio, kidonge kidogo. Hapa kasi ya upepo, kidonge kirefu. "Na hapa, baridi ya upande wa dereva, kikubwa kuliko vyote. Hiki ndicho ninachokitumia sana."

"Na upande wako?"

"Wangu sina haja nao."

Alidondosha gundi kwa njiti ya kiberiti, akaipepea kwa kipande cha boksi mpaka ikashika. Mzee alipapasa akasema kinateleza. Akabandua, akaanza upya. Mzee akasema kimesogea. Akabandua tena. Mwanamke ambaye hakuna gari lililowahi kumrudia alirudia kidonge kimoja mara tatu, wala hakununa. Kama kuna siku nilimvulia kofia fundi yule, ni hiyo. Jua lilikuwa utosini alipozitoa skrubu kwenye utepe na kukirudisha kisanduku mahali pake kwa mara ya pili.

Mwalimu, aliyekuwa amesimama nje muda wote huo, aliingia na kuketi nyuma ya usukani. Jasho lilikuwa limemlowesha shingo, na macho yalikuwa yamemwiva, ingawa hilo si la jasho. Aliwasha gari, akavuta pumzi ndefu.

Mzee aligeuza kichwa, akasikiliza ile pumzi. Mkono wake ukaenda moja kwa moja, bila kupapasa, mpaka kwenye kidonge kikubwa, ukabonyeza mara mbili. Upepo wa baridi ukampiga binti yake usoni.

"Umesimama sana juani, mwanangu," alisema. "Funga kioo, twende."